Chakula kinakwama kifuani, kamera haijaona uvimbe, daktari anasema ni neva. Inakuaje?

mtu_wa_kange:
Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 29, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa mazoezi kabisa. Huu unaenda mwaka wa pili akila ugali unakwama hapa katikati ya kifua, sio kooni, hapa chini kabisa kwenye mfupa wa kifua. Akikwama anasimama, ananyoosha mgongo, anakunywa maji glasi mbili kwa mpigo ndo anasikia kitu kimeshuka pwaa. Cha ajabu ni kwamba siku nyingine hata hayo maji yenyewe yanakwama, anayatema. Usiku anaamka mto umelowa, vipande vya chakula cha mchana vimerudi wala havina uchachu, na anakohoa sana akilala chali. Kwa ajili ya kikohozi kapimwa TB mara tatu hana. Kapewa omeprazo, vile vidonge vya asidi, hadi zimemchosha. Toka kilo 68 sasa hivi ana 55.

Nyumbani mmeshajua hadithi, shangazi anasema kuna mtu, mama mkubwa anasema ni kimeo akakatwe. Tukampeleka kupigwa kamera, majibu yakasema hakuna uvimbe wala kidonda, umio, yaani bomba la chakula, umepanuka kidogo na kuna mabaki ya chakula, na pale chini kamera ilipita kwa kusukuma. Daktari wa kwanza akasema yuko sawa. Wa pili alivyosoma hiyo karatasi akasema inawezekana ni akalasia, yaani neva za umio zimekufa.

Sasa swali langu ndo hili, na naomba msinicheke. Babu yetu alipooza mkono, neva ilikufa, mkono ukalegea ukawa unaning'inia tu. Sasa huyu dogo neva ikifa si hapo chini pangelegea chakula kipite chenyewe? Inakuaje neva ikifa mlango UNABANA?

chuma_cha_pua:
Kimeo hicho mkuu, mpeleke kwa wazee, mimi nilikatwa mwaka 99 nikapona kikohozi.

zamu_ya_usiku:
Mkuu wa juu naomba hiyo ya kimeo tuiache, kimeo kiko kinywani, huyu kijana shida yake ipo sentimita ishirini na kitu chini ya hapo. Kukata kimeo utamuongezea kutoka damu na maambukizi bure.

Mtu wa Kange, swali lako sio la kuchekwa, wanafunzi wengi wa udaktari wanalikwepa. Mimi ni mtu wa hospitali ngoja nijaribu kwa lugha ya nyumbani.

Umio ni bomba la nyama, kwa mtu mzima lina kama sm 25. Theluthi ya juu ni misuli ya aina ileile ya mkononi, inapokea amri moja kwa moja toka kwenye ubongo kupitia neva ya vagasi, na amri isipokuja imelegea. Ndo maana mtu wa kiharusi anapaliwa, maji yanatokea puani, shida yake iko juu kooni. Ila ukishuka, misuli inabadilika, inakuwa ile laini kama ya utumbo. Hii haisubiri ubongo kwa kila kitu. Katikati ya matabaka yake ya misuli kuna mtandao wake wa neva, vagasi inafika pale kama bosi anayepiga simu ofisini, kazi yenyewe wanafanya waliopo ofisini.

Na hao waliopo ofisini wako makundi mawili. Kundi moja linabana misuli, linatumia kemikali inaitwa asetilikolini. Kundi la pili kazi yake ni KULEGEZA, linatumia nitriki oksaidi, hiyo ni gesi kabisa, pamoja na kemikali nyingine inaitwa VIP. Sasa shika hapa: ule mlango wa chini kati ya umio na tumbo umefungwa muda wote kwa asili yake, ule msuli unajibana wenyewe hata usipoambiwa, la sivyo tindikali ingekuwa inapanda ukiinama tu. Kwa hiyo kufunga hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kufungua ndo kunahitaji amri. Fikiria geti lenye springi na mlinzi, mlinzi hayupo pale kulifunga, springi inalifunga, yeye yupo kulifungua gari likija. Mlinzi akifa usiku geti halibaki wazi, linabaki limefungwa na gari zinapanga foleni nje.

Kwenye akalasia wanaokufa kwanza ni hao walinzi, neva za kulegeza. Wale wa kubana wanaweza kubaki wazima kwa muda, ndo kabisa geti linakazwa.

mtu_wa_kange:
Aisee. Nimeelewa geti. Ila sasa mbona hata kifua chake chote kinajaa, si bomba lingesukuma kwa nguvu mpaka geti lifunguke? Au na bomba nalo limekufa?

zamu_ya_usiku:
Umeuliza palepale. Wengi wanadhani umio unasukuma chakula kama pampu, kumbe kusukuma ni nusu ya kazi. Umewahi kula ice cream za ubuyu za kwenye nailoni? Unaminya nyuma, mbele unaacha wazi, inapanda taratibu. Sasa minya nailoni nzima kwa mkono mzima kwa wakati mmoja, haiendi popote, au inapasuka. Umio ni hivyohivyo, wimbi linatembea kwa sababu nyuma ya tonge panabana na mbele yake panalegea, na linatembea pole sana, sm 3 hadi 4 kwa sekunde, tonge linachukua kama sekunde 8 mpaka 10 kufika chini.

Na kinacholipa wimbi mwelekeo ni hizohizo neva za kulegeza. Ukimeza tu, kabla hata hujasukuma, umio wote wa chini unalegezwa kwanza pamoja na mlango. Halafu kubana kunaanzia juu kunashuka, kwa sababu sehemu za chini zimelegezwa kwa muda mrefu zaidi, zinachelewa kubana. Yaani ucheleweshaji ndo mpangilio wenyewe. Ukitaka ushahidi kunywa glasi ya maji kwa mkupuo bila kupumzika, kila mkupuo unalizima wimbi la uliotangulia, bomba linakaa wazi maji yanashuka tu, halafu baada ya mkupuo wa mwisho ndo linakuja wimbi moja kubwa la kusafisha. Mwili unafanya hivyo kila siku na hatujui.

Toa neva za kulegeza sasa. Hakuna ucheleweshaji, hakuna wimbi, na mlango umefungwa. Mdogo wako akisimama na kumimina maji glasi mbili anachofanya ni kutengeneza mnara wa maji ndani ya kifua, uzito wa maji ndo unasukuma geti. Kajigundulia mwenyewe fizikia bila kufundishwa.

mama_nuru_254:
Nimesoma hii nikiwa na machozi wallahi. Mimi niko Mombasa, niliishi na hiki kitu miaka sita kabla kijulikane. Nilikuwa naambiwa ni stress, naambiwa ni asidi, daktari mmoja aliniuliza kama nina matatizo kwa ndoa. Nilikuwa siwezi kwenda harusini kwa sababu pilau ikikwama lazima nikimbie chooni, na ukirudi mezani macho mekundu watu washajiandikia hadithi yao, mara ana mimba, mara anajitapisha awe mwembamba. Nilikuwa nalala nimeketi na mito minne.

Kaka mtu wa Kange, huyo dogo kamera ilipita kwa kusukuma? Hapo ndo pa kushika. Kwangu pia kamera iliandikwa normal. Kilichoonyesha ni ile eksirei ya kunywa dawa nyeupe kama chokaa, bariamu, unasimama unaimeza na wanapiga picha. Picha yangu ilikuwa kama karoti imepinduliwa, juu pana, chini imechongoka nyembamba kabisa, daktari akaniambia wanauita mdomo wa ndege. Baada ya dakika tano dawa bado iko pale kifuani imesimama.

zamu_ya_usiku:
Asante sana dada, hiyo ndo hatua inayofuata na hata hospitali nyingi za mkoa zenye eksirei zinaweza. Muombe wapige picha dakika ya 1, ya 2 na ya 5 ili ionekane safu ya dawa inashuka au inagoma. Kamera inaona ukuta wa bomba, haioni mwendo. Ukiangalia geti la mchana limefungwa huwezi kujua kama mlinzi yupo.

Kipimo chenyewe hasa cha neva na misuli kinaitwa manometria, mrija mwembamba unapitishwa puani una vihisio vingi vya presha toka juu mpaka chini, unapewa maji kidogokidogo unameza mara kumi, kompyuta inachora rangi. Kwetu ni adimu, msijilaumu mkiambiwa hakuna, bariamu na kamera vikisomwa vizuri pamoja vinatosha kuanzia. Palipo na manometria wanagawa akalasia makundi matatu. La kwanza umio umekaa kimya kabisa, hauna presha. La pili umio haubani kwa wimbi ila wote unapanda presha kwa pamoja kama chupa iliyofungwa, na hawa ndo wanaopona vizuri zaidi wakitibiwa. La tatu umio wa chini unabana kwa pupa kabla ya wakati, hawa ndo wanaolia maumivu.

Ngariba_mstaafu:
Nauliza kidogo kando. Mzee wangu ana miaka 61 yeye anapata maumivu ya kifua ya kubana kabisa mpaka mgongoni, akinywa maji baridi hasa, na chakula kinakwama siku moja moja. Je hii nayo ni hiyo?

zamu_ya_usiku:
Mzee wa miaka 61 mwenye maumivu ya kubana kifuani anapimwa MOYO kwanza, ECG yaani kipimo cha umeme wa moyo, leo, sio kesho. Moyo na umio vinatumia njia za neva zilizo jirani, ubongo unashindwa kutofautisha, hata dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi inaweza kutuliza vyote viwili, kwa hiyo kupata nafuu nayo hakukuambii kitu.

Moyo ukiwa salama ndo unafikiria umio. Zipo hali ambazo mlango unafunguka vizuri ila bomba lina vurugu. Kuna spazimu, ambapo chini panabana mapema mno, yaani ule ucheleweshaji niliousema umepungua, kipimo wanachotumia ni wimbi kufika chini kabla ya sekunde 4.5. Kuna nyingine wimbi linakwenda kwa mpangilio ila kwa nguvu ya kupitiliza, wameipa jina la ile mashine ya kuvunjia lami. Na kuna upande wa pili wa shilingi, ugonjwa wa ngozi kukakamaa, skleroderma, huko msuli laini wenyewe unasinyaa, hivyo mlango unalegea kabisa na tindikali inapanda bila kizuizi. Unaona, dalili kwa mgonjwa ni ileile, chakula hakishuki, ila mmoja geti limekaza na mwingine geti limeng'oka. Ndo maana kumeza dawa kwa kubahatisha ni hatari.

Doto_wa_pili:
Naomba niweke neno maana naona watu wanafarijika mapema. Mimi kwetu ni Bomet upande wa Kenya na huku kansa ya umio tunaijua kwa majina ya majirani, hospitali ya Tenwek wameshaweka mirija ya chuma ya kupitishia chakula kwa wagonjwa wengi mno. Ukanda wetu huu toka Ethiopia, Kenya, Tanzania, Malawi mpaka mashariki ya Afrika Kusini ni moja ya sehemu zenye kansa hii nyingi duniani, na inakamata hata vijana wa chini ya miaka 30. Kwa hiyo mtu akisema chakula kinakwama isiwe tunarukia neva.

zamu_ya_usiku:
Umesema kweli na nilipaswa kuanza na hilo. Kamera ni lazima kwanza kwa kila mtu. Tofauti ya historia inasaidia: kansa inaanza na vigumu, nyama na ugali, baada ya wiki na miezi uji, mwisho maji. Akalasia vigumu na maji vinasumbua mapema pamoja, siku nzuri siku mbaya, kwa miaka. Ila kuna kansa inayokaa palepale mlangoni au juu ya tumbo inajifanya akalasia kabisa, hasa kwa mtu wa zaidi ya miaka 50 aliyepungua kilo haraka ndani ya miezi michache. Kwa hiyo mtu wa Kange, uliza kama aliyepiga kamera aliingia tumboni akaigeuza kuangalia mlango kwa chini. Hiyo ndo kona inayosahaulika.

fundi_simu_mbagala:
Mimi sijaelewa kitu kimoja. Kama ni neva si apigwe zile sindano za vitamini za neva, ile nyekundu, zifufuke? Mnakimbilia kukata watu misuli na msuli mmesema hauna kosa.

zamu_ya_usiku:
Ile nyekundu ingekuwa inafufua tungefurahi wote na mimi ningekuwa na duka lake. Hizo seli zikishakufa hazioti tena, na hatuna dawa ya kuzirudisha. Kwa nini zinakufa, kwa wagonjwa wengi haijulikani, inaonekana kinga ya mwili ndo inazishambulia. Amerika ya Kusini kuna sababu moja inajulikana, ugonjwa wa Chagas, kimelea chake ni ndugu wa yule wa malale ya kwetu ila anaenezwa na mdudu mwingine wa jamii ya kunguni, anaharibu mtandao uleule wa neva.

Kwa hiyo ndio, tunaadhibu msuli usio na kosa. Mlinzi kafa, springi tunaikata. Njia zote za tiba ni namna tu za kushughulika na springi. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika mwaka 1674 habari za mgonjwa aliyekuwa anatapika kila anachokula, akamtengenezea ufito wa mfupa wa nyangumi una sponji kichwani, mgonjwa anakula halafu anajisukumia mwenyewe chakula kupita mlangoni, na aliishi hivyo miaka 15. Sasa hivi badala ya mfupa kuna puto, linapitishwa kwa kamera linajazwa hewa mpaka upana wa mm 30, likishindwa 35, nyuzi za msuli zinachanika. Hatari yake ni kwamba mara chache linatoboa umio, ndo maana unabaki chini ya uangalizi na ukisikia maumivu makali baada yake unasema hapohapo. Upasuaji wa kukata msuli alianza daktari Heller kule Leipzig, Ujerumani, mwaka 1913, leo unafanywa kwa matundu madogo tumboni. Na Wajapani chini ya Inoue toka 2008 wanakata kwa ndani kwa kupitia mdomoni, wanachimba handaki ndani ya ukuta wa umio, bila kovu tumboni.

Kuna na sindano ya botoksi, ileile ya warembo. Hii inanifurahisha kwa mantiki yake: wa kulegeza wamekufa, wa kubana wamebaki, basi unawazuia hao waliobaki wasitoe asetilikolini, mzani unarudi kidogo. Ila inaisha baada ya miezi sita mpaka mwaka, kwa kijana sio jibu, tunawapa wazee wasioweza kuvumilia upasuaji. Vidonge vya presha kama nifedipini vinalegeza kidogo na kuumiza kichwa sana.

mama_nuru_254:
Mimi nilianza na puto, likanipa miaka miwili mizuri, ikarudi, nikafanyiwa ile ya Heller kwa matundu. Lakini niseme ukweli maana madaktari huwa hawasisitizi: umio wangu haukuanza kusukuma. Haujasukuma mpaka leo. Nakula nimeketi wima, natafuna mpaka watoto wananicheka, nashushia na maji ya vuguvugu, chakula kinashuka kwa uzito wake tu. Na nikila silali kabla masaa matatu yapite, kitanda nimekiinua kichwani kwa matofali mawili, kwa sababu geti sasa liko wazi na kiungulia kinakuja, ile omeprazo niliyoitukana miaka sita ndo sasa naitumia kweli. Walinikunjia kipande cha tumbo pale juu kupunguza hiyo asidi, inasaidia.

Siku ya saba baada ya operesheni nilikunywa uji na nikausikia UNASHUKA bila kusimama. Nilimpigia dadangu simu kumwambia uji umeshuka. Alidhani nimechanganyikiwa.

chuma_cha_pua:
Basi na mimi nafuta ile ya kimeo. Ila kikohozi changu kiliisha jamani.

mtu_wa_kange:
Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili. Tulienda hospitali ya kanda, akanywa hiyo bariamu. Picha ninayo kwenye simu, dada wa Mombasa ni karoti kabisa kama ulivyosema, dakika ya tano safu imesimama kama maji kwenye chupa ya soda. Daktari kamera kairudia, safari hii kageuza kaangalia kwa chini, pasafi. Kasema ni akalasia, tuchague puto au upasuaji, kwa umri wake yeye anashauri upasuaji ila orodha ni ndefu na hela tunakusanya, kwa hiyo pengine puto kwanza. Nilimuuliza kuhusu neva za kulegeza akanikodolea macho akaniuliza mimi ni mwanafunzi wa chuo gani hahaha.

Swali moja la mwisho, siku ya puto tumeambiwa asile toka saa sita usiku. Hiyo inatosha kweli? Maana huyu mtu chakula cha juzi bado kipo.

zamu_ya_usiku:
Haitoshi na umefanya vizuri kuuliza. Masharti ya saa sita usiku ni ya mtu ambaye umio wake unajisafisha. Huyu mpeni vimiminika tu siku mbili au tatu kabla, uji mwepesi uliochujwa, supu isiyo na vipande, chai, siku yenyewe asitie kitu kinywani. Na muwaambie wanaompa usingizi KABLA hawajaanza kwamba ana akalasia na umio unaweza kuwa na chakula, wasome wenyewe, wasitegemee fomu. Akipewa usingizi umio umejaa, kitakachorudi kinaingia mapafuni.

mtu_wa_kange:
Nimeandika kwenye karatasi nimeibandika na selotepu nyuma ya kadi yake. Mama mkubwa kashaanza kusaga unga wa uji.